Ardhi Isiyotozwa Kodi na Haki ya Wilaya

Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wenyeviti wa vijiji, walimu na wazee wa Chunya



Tumeombwa tuseme leo juu ya jambo ambalo watu wengi hulinong'ona, lakini wachache hulisema kwa utaratibu wake. Katika wilaya yetu kuna ardhi nyingi ambayo mwanakijiji hailimi, hajengi nyumba juu yake, wala haitozwi kodi kwa ajili ya mfuko wa Halmashauri. Hiyo ni ardhi ya mapori ya akiba na ya misitu ya Serikali. Tena, chini ya ardhi nyingine yamo madini, nayo si mali ya mtu aishiye juu yake. Je, kwa ajili ya ardhi hiyo, Serikali Kuu yapaswa kuilipa wilaya kitu? Na kama yapaswa, ilipe kiasi gani, kwa hesabu gani, na nani atatunza daftari?

Twawaomba msikilize maneno ya pande zote mbili kabla ya kukata shauri, maana shauri lililokatwa kwa kusikia upande mmoja halidumu.

Kwanza yatupasa kufahamu jinsi mfuko wa wilaya unavyojazwa. Halmashauri ina mikono miwili. Mkono mmoja hupokea fedha kutoka Hazina Kuu, nazo ndizo zilipazo mishahara ya walimu na waganga pamoja na kazi nyingine nyingi. Mkono wa pili hukusanya mapato yake wenyewe hapa hapa, yaani ushuru wa mazao, ushuru wa huduma, leseni na ada za masoko. Fedha za mkono wa kwanza ni nyingi zaidi, lakini huja zikiwa zimekwisha kupangiwa kazi. Fedha za mkono wa pili ni chache, lakini ndizo ambazo madiwani wenu waweza kukaa na kusema, "Tumalizie zahanati hii," au, "Tuezeke darasa lile." Kwa hiyo mtu asemaye kwamba mapato ya wilaya ni kidogo mno hata si kitu cha kujadiliwa, hajapata kungoja bati la shule kwa miaka mitatu.

Basi twatoa mfano. Mkulima wa Lupa Tingatinga akiuza tumbaku yake, mnunuzi hutozwa ushuru wa mazao, na ushuru huo huingia katika mfuko wa Halmashauri. Zamani ulikuwa hata shilingi 5 katika kila 100. Mwaka 2017 sheria iliushusha, ukawa shilingi 3 kwa mazao ya biashara na shilingi 2 kwa mazao ya chakula. Kwa njia hiyo shamba moja lafanya kazi mbili: lamlisha mwenyewe, na laipatia shule dawati. Lakini mtu akishika njia ya kwenda Rungwa, akapita Mafyeko na Kambikatoto, ataona miombo isiyo na mwisho. Vile vile upande wa mapori ya akiba ya Lukwati na Piti, ziko ekari maelfu kwa maelfu ambazo hazitaleta ushuru wa mazao kamwe, kwa kuwa sheria yakataza kulima humo. Hatusemi kwamba ni vibaya kukataza. Twasema tu kwamba kuna kitu wilaya imekikosa, na kitu kilichokosekana chaweza kuhesabiwa.

Wazee waliosoma habari za kale watakumbuka kwamba mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1923, wakati wa utawala wa Waingereza, Sheria ya Ardhi ilitangaza kwamba ardhi ya Tanganyika ni ardhi ya umma, iliyo chini ya Gavana. Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron akaweka utawala wa wenyeji, na kila eneo likawa na Hazina ya Wenyeji. Watu walilipa kodi ya nyumba na kodi ya kichwa, na sehemu ya kodi ile ikarudishwa katika hazina hiyo ili kulipa machifu, makarani na matarishi, na kutengeneza njia na shule. Kodi ile ilikuwa nzito, nayo ilitozwa watu ambao hawakuulizwa shauri lao. Hatuisifu. Lakini ndani yake lilikuwamo wazo moja ambalo hata babu zetu walilishika: kitokacho mahali, sehemu yake hurudi mahali pale.

Baada ya uhuru, utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na hazina zile zikaisha pamoja nao. Wazo la ardhi ya umma, hata hivyo, lilibaki. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kisha zaigawa ardhi hiyo mafungu matatu: ardhi ya kijiji, ardhi ya hifadhi, na ardhi ya jumla. Leo mapori ya akiba yamo mikononi mwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, na misitu ya Taifa imo mikononi mwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Hao ndio majirani zetu wakubwa. Na jirani mkubwa, hata akiwa mwema, hapana budi tujue mpaka wake uko wapi na wajibu wake ni nini.

Sasa tuwasikilize wale wasemao kwamba Serikali Kuu haidaiwi kitu. Maneno yao si ya upuuzi, nasi twapenda kuyasema kwa haki.

Neno lao la kwanza ni hili: Pori na msitu ni mali ya Taifa zima. Mtu wa Kagera na mtu wa Mtwara wana sehemu yao katika tembo wa Lukwati sawasawa na mtu wa Chunya. Kwa nini basi Chunya ilipwe kwa kukaa karibu tu?

Neno lao la pili: Serikali hiyo hiyo yalipa walimu wenu, yaleta dawa, yajenga barabara kubwa. Je, baba anayelisha watoto atatozwa tena kodi ya kukaa nyumbani mwake?

Neno lao la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote: Fedha zikipewa wilaya, nani ajuaye kwamba zitafika kijijini? Huenda zikaishia katika posho za vikao na mafuta ya magari.

Haya ndiyo maneno ya upande ule. Nasi twajibu moja baada ya moja.

Kwa neno la kwanza twakubali kwamba pori ni mali ya wote. Ila gharama yake haiwaangukii wote. Mtu wa Kagera haamki usiku kupiga debe ili tembo watoke katika mahindi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo kwa mtu aliyeharibiwa mazao na wanyama wakali, yasiyozidi shilingi 100,000 kwa ekari moja, na shilingi 1,000,000 kwa jamaa za mtu aliyeuawa. Kanuni hizo hazikuyaita malipo hayo fidia, bali kifuta jasho na kifuta machozi. Majina hayo yapasa kufikiriwa sana. Mtu akufutaye jasho hasemi kwamba amelipa ujira wako. Amekuhurumia tu, na huruma ni jambo jema, lakini huruma haina daftari. Basi, kama faida ya pori ni ya wote na mzigo wake ni wa wachache, ni haki kwamba wote wachange kuupunguza mzigo ule.

Kwa neno la pili, mishahara ya walimu hulipwa katika kila wilaya, yenye pori na isiyo na pori. Wilaya ambayo ardhi yake yote yalimwa hupata mishahara ile, na tena hukusanya ushuru wa mashamba yake. Wilaya yenye mapori hupata mishahara ile ile, na upande wa pili mkono wake ni mtupu. Kwa hiyo fedha ya mishahara haiwezi kuitwa malipo ya pori.

Neno la tatu tutalirudia mwisho, kwa maana hilo latuhusu sisi wenyewe kuliko Serikali Kuu.

Kabla ya hapo, na tuangalie wenzetu wamefanyaje, maana wanaoulizana swali hili ni wengi duniani.

Huko Marekani Serikali Kuu ina ardhi nyingi mno, hata katika jimbo la Nevada ni ekari 80 hivi katika kila 100. Ardhi hiyo haitozwi kodi na wilaya. Mwaka 1908 Bunge lao liliamuru kwamba robo ya mapato ya misitu ya Taifa irudishwe kwa ajili ya shule na barabara za wilaya zenye misitu hiyo. Jambo hili lilionekana zuri kwa miaka mingi. Wilaya za jimbo la Oregon zilijenga shule kwa fedha za magogo. Lakini kwenye miaka ya 1990 ukataji wa miti ulipunguzwa sana ili kuhifadhi viumbe vya msituni, na robo ya kitu kidogo ikawa kitu kidogo. Mwaka 2000 Bunge likalazimika kutunga sheria nyingine ya kuziokoa shule zile. Watu wa huko walijifunza kwamba anayelipwa kwa sehemu ya mavuno hutamani mavuno yazidi daima, hata kama msitu wachoka.

Kwa sababu hiyo nchi ile ina na njia ya pili. Tangu mwaka 1976 iko sheria ya kuzilipa wilaya badala ya kodi, kwa hesabu ya ekari zilizo mikononi mwa Serikali Kuu, mti ukatwe usikatwe. Hesabu hiyo huangalia pia idadi ya watu, ili wilaya yenye jangwa kubwa na watu wachache isipate fedha kupita kiasi, na hupunguza yale ambayo wilaya imekwisha kupata kwa njia nyingine. Lakini nayo ina udhaifu wake: fedha zenyewe hupitishwa na Bunge, na kila mara wakuu wa wilaya hufunga safari kwenda mji mkuu kuomba zisipunguzwe. Ndiyo kusema, hata nchi tajiri haijaumaliza mjadala huu.

Karibu zaidi na kwetu, nchini Kenya, iko kanuni ya zamani kwamba Serikali Kuu, kwa kuwa haitozwi kodi ya viwanja vyake, hutoa mchango badala ya kodi hiyo. Kanuni ni nzuri kwenye karatasi. Lakini kwa miaka mingi kaunti, na Nairobi ikiwa mbele, zimelalamika kwamba mchango huo hauji kama ipasavyo, na deni limelimbikizwa. Uganda nao waliandika katika sheria yao ya wanyamapori ya mwaka 1996 kwamba katika kila shilingi 100 za kiingilio cha hifadhi ya Taifa, shilingi 20 ziende kwa serikali za mahali zinazozunguka hifadhi ile. Mtu wa kijiji kilicho kando ya msitu wa Bwindi aweza kuhesabu: wageni wangapi wameingia, wamelipa nini, na sehemu yetu ni ngapi. Hata asipopata vya kutosha, ajua la kuuliza.

Na hapa kwetu? Si kweli kwamba hatuna kitu. Twende mkoa wa jirani, Iringa. Shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, ndilo shamba kubwa la miti la Serikali katika Tanzania, lenye zaidi ya hekta 130,000. Mnunuzi akilipa mrabaha wa miti, hutozwa tena shilingi 5 kwa kila 100 za mrabaha ule kwa ajili ya halmashauri ya wilaya. Kwa upande wa wanyamapori, kwa miaka mingi Idara ya Wanyamapori ilikuwa ikizirudishia halmashauri robo ya ada za wanyama waliowindwa katika maeneo yao. Na kijiji chenye msitu wake chenyewe, uliotengwa kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, chaweza kubaki na mapato yote ya msitu huo. Sheria hiyo ni neema ambayo vijiji vingi havijaitumia.

Sasa tuje kwenye dhahabu, maana Chunya na dhahabu ni kama chungu na moto. Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 watu walimiminika huku kutoka kila upande. Mgodi wa Saza ulikuwa mmoja wa migodi mikubwa ya Tanganyika. Mwaka 1956 ulifungwa. Wazee wetu waliona kwa macho yao namna mahali panavyofanya dhahabu ikipungua: maduka hufungwa, vijana hutawanyika, mashimo hubaki. Dhahabu iliyotoka hairudi kuota kama mtama.

Madini ni mali ya Taifa kwa sheria. Mrabaha wake huenda Hazina Kuu, na wilaya hupata ushuru wa huduma. Soko la madini la Chunya lilipofunguliwa mwaka 2019, hesabu yake ilikuwa hivi. Mchimbaji akiuza dhahabu ya shilingi 10,000,000, mrabaha ulikuwa shilingi 600,000, na ada ya ukaguzi ilikuwa shilingi 100,000. Ushuru wa huduma kwa Halmashauri, uliokuwa 0.3 katika kila 100, ulikuwa shilingi 30,000. Mtu aweza kusema kwamba 30,000 kwa 700,000 ni kidogo, nasi hatutamkatalia. Lakini soko lile lilifanya jambo jema: liliiweka hesabu mezani. Zamani dhahabu ilipita mifukoni usiku, na wilaya haikupata hata hizo 30,000.

Tena iko habari ya mgodi wa Geita ambayo yafaa kila diwani aijue. Katika mikataba ya migodi mikubwa ya wakati ule, iliandikwa kwamba mgodi ulipe dola 200,000 za Marekani kwa mwaka kwa serikali ya mahali, badala ya ushuru wa huduma. Dola 200,000 zilionekana nyingi. Lakini mwaka 2000 wakia moja ya dhahabu ilikuwa chini ya dola 300, na mwaka 2011 ikapita dola 1,800. Dhahabu ilipanda, malipo yakakaa pale pale kama jiwe. Baada ya mazungumzo marefu malipo yale yaliachwa, na kuanzia mwaka 2014 mgodi ule ukaanza kulipa ushuru wa 0.3 kwa 100 ya mauzo. Hapo watu walijifunza kwamba fungu lisilobadilika huliwa na wakati.

Na sisi wa Chunya tuna fundisho letu jingine. Mgodi wa New Luika ulianza kutoa dhahabu mwaka 2012, ukiwa ndani ya Wilaya ya Chunya ya siku zile. Wilaya ile ilikuwa kubwa mno, karibu nusu ya Mkoa wa Mbeya. Ilipogawanywa, na Mkoa wa Songwe ukazaliwa mwaka 2016, mgodi ule na Saza yenyewe vikabaki upande wa Wilaya ya Songwe. Hatuwaonei wivu ndugu zetu. Mgodi uko kwao na ushuru ni wao. Twataka tu mwone kwamba wilaya iliyojenga matumaini yake yote juu ya shimo moja yaweza kuamka na kukuta shimo liko ng'ambo ya mpaka.

Basi tukusanye yote tuliyosema. Ziko njia tatu za kuilipa wilaya kwa ardhi isiyotozwa kodi. Ya kwanza ni fungu moja la kila mwaka lisilobadilika. Geita imetuonyesha ubaya wake. Ya pili ni sehemu ya mavuno: ya magogo, ya wanyama waliowindwa, ya dhahabu. Oregon na Saza zimetuonyesha kwamba mavuno hupungua na siku moja huisha. Mwaka 2020 vile vile, ugonjwa wa korona ulipozuia wageni, nchi zote zinazotegemea hifadhi ziliona mapato ya watalii yakianguka. Ya tatu ni malipo kwa ekari, yanayotolewa hata kama pori limelala kimya. Udhaifu wake ni kwamba Bunge laweza kuyapunguza.

Kwa maoni yetu, wilaya kama Chunya yastahili njia ya pili na ya tatu pamoja. Sehemu ya mavuno iendelee, ili wananchi wawe na sababu ya kulinda msitu na kuwafichua majangili na wachoma mkaa wa magendo. Lakini juu yake pawe na malipo madogo ya ekari za hifadhi, yaliyoandikwa katika sheria, yaangaliayo idadi ya watu na bei za vitu, ili shule isifungwe kwa sababu tu wawindaji hawakuja mwaka huu. Twasisitiza neno sheria. Mwaka 2003 Serikali ilifuta kodi ya maendeleo na ushuru mwingi wenye kero, na halmashauri zikaahidiwa ruzuku ya kufidia. Wananchi walifurahi, nasi tulifurahi pamoja nao. Lakini halmashauri zilizokuwa na kodi yao, hata kama ilichukiwa, zikawa sasa zangoja ruzuku. Ahadi ni deni, ndiyo. Lakini deni lisiloandikwa mwenye kulidai huonekana kama mwombaji.

Sasa twarudia lile neno la tatu ambalo tuliliacha: kwamba fedha zitaliwa. Hapa hatuwezi kuelekeza kidole Dodoma. Hapa ni kwetu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kama twataka Serikali Kuu itoe hesabu ya ekari zake, yatupasa nasi tuwe tayari kutoa hesabu ya kila shilingi iliyorudi. Sheria ya mwaka 2018 yaagiza halmashauri zitenge shilingi 10 katika kila 100 za mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Je, kijijini kwenu mwajua mwaka jana zilikuwa ngapi na alikopeshwa nani? Sheria yaagiza pia mkutano mkuu wa kijiji ukutane walau mara moja katika kila miezi mitatu, na hesabu ya mapato na matumizi isomwe. Je, yasomwa? Au husomwa kwa haraka jua linapokuchwa, watu wakiwa wameshika njia ya kwenda nyumbani?

Twaomba mambo matatu, na yote yawezekana bila kungoja sheria mpya.

La kwanza, kila mwenyekiti wa kijiji kinachopakana na hifadhi aulize kwa barua, kwa heshima, ni ekari ngapi za kijiji au za jirani yake zimo ndani ya hifadhi, na mpaka umepita wapi. Asiyejua kipimo cha kitu hawezi kudai thamani yake.

La pili, diwani arudipo kutoka kikao cha Halmashauri, aulizwe maswali mawili tu: Fedha iliyotokana na misitu, wanyama na madini ilikuwa kiasi gani robo hii ya mwaka? Na imefanya kazi gani? Asiulizwe kwa matusi wala kwa kelele. Aulizwe kila mara, mpaka azoee kuja na jibu mkononi.

La tatu ni la walimu. Mnapofundisha hesabu za asilimia, acheni kidogo mifano ya maembe na machungwa. Waandikieni watoto ubaoni: dhahabu ya shilingi 10,000,000 iliuzwa mwaka 2019, ushuru wa huduma ukiwa 0.3 kwa 100. Je, wilaya ilipata ngapi? Mtoto atakayejibu 30,000 leo, kesho atakuwa diwani, na hataweza kudanganywa kwa kalamu.

Kwa hiyo, wazee wetu na ndugu zetu, jibu letu kwa swali la leo ni kwamba wilaya yadai haki, si sadaka, wala si kifuta jasho. Pori libaki pori, msitu ubaki msitu, kwa kuwa mvua na maji na nyuki na wajukuu wetu wavihitaji. Lakini anayemwomba jirani yake amlindie mali hampi asante peke yake. Serikali Kuu iandike deni lake katika sheria, nasi tuandike matumizi yetu katika daftari, na madaftari hayo mawili yafunguliwe juu ya meza moja, mbele ya watu wote. Siku hiyo mjadala huu utakuwa umekwisha, na darasa litaezekwa.